Kesi ya Hijabu Iliyotoka Kiwanjani

Wajukuu zangu wa Gachoka, leo nawasimulia kesi. Ilianzia Isiolo. Ukitaka kufika huko, panda matatu hapa hadi Embu mjini, pita Runyenjes, Chuka na Nkubu, ukishatoka Meru uteremke mpaka ukutane na joto kama hili letu la Mbeere. Huko Wakristo na Waislamu ni majirani, na watoto wao wanasoma darasa moja.

Shule yenyewe ni St. Paul's Kiwanjani, sekondari ya kutwa ya wavulana na wasichana. Ni shule ya umma, ila mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Msidhani mfadhili ndiye anayelipa walimu. Hao wanalipwa na serikali. Mfadhili ni kanisa lenye sauti katika malezi na maadili ya shule, na makanisa huithamini sana sauti hiyo.

Juni 2014, shule ikiwa na sherehe, naibu gavana wa Isiolo aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa likakataa, mvutano ukazuka, na mwishowe kanisa likaenda Mahakama Kuu ya Meru. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi hata kidogo: kila mwanafunzi aliingia shuleni akizijua sheria, na ukiwaongezea baadhi vazi lao, waliobaki watasema wamebaguliwa. Machi 2015 jaji alikubaliana na kanisa.

Mzazi mmoja Mwislamu akakata rufaa. Septemba 2016 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa huko Nyeri wakaipindua hukumu ile. Walitazama sheria inayowahusu wote, wakauliza inamuumiza nani. Sketi na kichwa wazi havimgharimu chochote msichana Mkristo. Mwenzake Mwislamu analazimika kuchagua kati ya dini yake na masomo. Wakasema huo ni ubaguzi, hata kama aliyeitunga sheria hakuwa na nia mbaya. Mimi nawaunga mkono.

Najua kuna anayejiambia, haya ni ya Isiolo, yanatuhusu nini? Haya, mtazameni mtoto wa Kikorino anapokwenda shule na kilemba chake cheupe, kimefungwa sawasawa, hakuna unywele unaochungulia. Yeye ni Mkristo, na kilemba ni imani yake. Mwambie akivulie langoni, halafu uone kama kwake sare ni kitambaa tu.

Wako wanaosema dawa ni kuiacha dini nje ya shule kabisa. Ufaransa ilifanya hivyo: sheria ya Machi 2004 ilikataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, iwe hijabu, kofia ya Kiyahudi au msalaba mkubwa. Kenya haikupita njia hiyo. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema nchi haina dini ya taifa, lakini cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kuonyesha imani yake, na cha 170 kinatambua mahakama za Kadhi. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala! Serikali yetu haina dini, ila haijawaambia watu wake wazifiche zao.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu, Nairobi. Januari 24, 2019, majaji wengi waliifuta hukumu ya Nyeri, na magazeti mengi yakaandika kwamba hijabu imeshindwa. Someni vizuri. Yule mzazi aliingia katika kesi ya kanisa kama mhusika tu, kisha akaleta madai yake mwenyewe ndani yake. Ni kama kwenda kusikiliza wazee wakiamua kesi ya mbuzi wa jirani, nawe ukadai shamba lako papo hapo. Mahakama ikasema madai hayo yaanze upya Mahakama Kuu, ikaishauri bodi ya shule ikae na wazazi itafute jinsi ya kuwaruhusu wanafunzi ambao imani yao haipatani na sare. Jaji Jackton Ojwang hakukubaliana na wenzake. Kwa hiyo swali lenyewe, kama msichana ana haki ya kuvaa hijabu shuleni, halikujibiwa siku hiyo.

Hesabuni miaka. Msichana aliyekuwa Kidato cha Kwanza Juni 2014 alitakiwa kumaliza Kidato cha Nne mwaka 2017. Hukumu ya mwisho ilimkuta ameshaondoka shule.

Basi mkipewa fomu za kujiunga na sekondari, msikimbilie orodha ya godoro na sanduku. Tafuteni ukurasa wa sheria za mavazi, mkae na wazazi muusome, na kama kuna lisilopatana na imani yenu, au ya rafiki mtakayekaa naye dawati moja, mwulizeni mwalimu mkuu kabla mzazi hajatia sahihi.