Ngitili: Nyasi za Oktoba, Plau ya Novemba
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia mvua zinazochelewa na zile zinazokatika katikati ya msimu. Leo tuingie Usukumani, kwa watu waliojifunza zamani kuweka akiba ya malisho.

Ngitili ni eneo ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza. Humo hakuna kuchunga wala kukata mti. Nyasi hukua, hukomaa, kisha hukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokolea, kuanzia Julai au Agosti, hufunguliwa sehemu moja huku nyingine zikisubiri zamu. Kundi zima haliruhusiwi kuvamia. Hutangulizwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, waliodhoofika, na maksai.

Tuwatazame hao maksai. Ifikapo Oktoba malisho ya wazi yamebaki vumbi tupu. Shinyanga, huko huko Usukumani, ina msimu mmoja tu wa mvua, kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, hivyo mvua ya kwanza ikishuka Novemba shamba linatakiwa lilimwe papo hapo. Maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau. Mwenyewe atasubiri apate nguvu kwa majani mapya, wiki zinakwenda, na mahindi yaliyochelewa kupandwa yatakumbwa na ukame yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Chakula cha mwaka ujao, basi, huanza kupotea au kupatikana Oktoba, kwenye nyasi kavu. Wageni wengi wakifika huko huhesabu miti, na jambo hili huwapita.

Utaratibu huu nusura upotee. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ili kumaliza mbung'o, pamba ikatwaa ardhi, mifugo ikaongezeka, na uhamisho wa vijiji vya ujamaa ukawatenga watu na ngitili zao. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000 katika mkoa wa wakati huo, kabla Simiyu haijamegwa. Na sehemu kubwa ya migunga iliyoota humo haikupandwa na mtu! Mizizi ilikuwa hai ardhini. Iliponusurika na shoka na kwato, ikachipua.

Waliozilinda ni wanakijiji wenyewe, kwa sheria zilizopitishwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na kusimamiwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Anayeingiza ng'ombe kwa wizi hutozwa faini na majirani zake, wale wale atakaowahitaji siku ya msiba. Sijaona amri ya ofisini yenye nguvu kama hiyo.

Hata hivyo, ngitili ziko hatarini. Ya familia, ikirithiwa na wana wanne, hugeuka vipande visivyotosha jozi moja ya maksai. Ya kijiji humfaidi zaidi mwenye mifugo mingi. Asiye na ng'ombe akinyimwa hata kuni, dawa na nyasi za kuezekea, hana sababu ya kuilinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavipa vijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yao. Ngitili ziingizwe kwenye mipango ya matumizi ya ardhi, mipaka yake ikiwa imechorwa na haki za wasio na mifugo zimeandikwa, kabla mashamba mapya hayajazimeza.

Juma lijalo tutakwenda Dodoma, kutazama namna wakulima wanavyokuza miti kutoka kwenye visiki hai.