Nyanya za kitalu nyumba: fedha za anayeanza hupotelea wapi

BEI ya nyanya hupanda karibu kila masika. Mvua zinapokolea kati ya Machi na Mei, ukungu hushambulia mashamba ya wazi, barabara za vijijini huharibika, na tenga linalofika soko la Ilala, Dar es Salaam, au Kilombero, Arusha, hugombewa na wachuuzi. Ni katika wiki hizo ambapo watu wengi wenye akiba ndogo, wakiwemo wastaafu, watumishi na wenye maduka, huamua kujenga kitalu nyumba uani.

Wazo hilo lina msingi. Paa la nailoni huzuia mvua isilowanishe majani, na majani makavu hayashambuliwi kwa urahisi na bakajani chelewa, ugonjwa unaomaliza nyanya za nje wakati wa mvua. Aidha, aina ndefu kama Anna F1, ambazo hufungwa kwa kamba na kupanda juu, huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa. Hata hivyo wengi wanaoanza hupata hasara msimu wa kwanza, na baadhi yao huacha mabanda yakiota nyasi. Hasara hiyo huwa na sababu zinazojirudia, na nyingi zinaweza kukadiriwa kabla ya kununua nguzo ya kwanza.

Kalenda ndiyo bei

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kupanda. Mtu anayeona bei nzuri mwezi wa Mei huanza kujenga mwezi huohuo. Banda hukamilika Juni, miche hupandikizwa Julai, na mavuno ya kwanza hutoka mwishoni mwa Septemba. Wakati huo nyanya za umwagiliaji wa kiangazi kutoka Ilula mkoani Iringa, Ngarenanyuki wilayani Arumeru na kwingineko huwa zimejaa sokoni. Mkulima wa kitalu nyumba hujikuta akishindana na mwenye shamba la wazi ambaye hakununua nailoni wala nguzo.

Anayetaka kuuza wakati wa masika hana budi kuhesabu kurudi nyuma. Miche hukaa kitaluni kama wiki 4. Kuanzia kupandikiza hadi kuchuma, aina ndefu huchukua siku 75 hadi 90. Kwa hiyo nyanya za kuuzwa kuanzia mwanzoni mwa Aprili husiwa katikati ya Desemba na kupandikizwa katikati ya Januari. Maana yake ni kwamba banda linatakiwa liwe limekamilika kabla ya Krismasi, wakati bei sokoni bado haijamshawishi mtu yeyote.

Hesabu ya mfano

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Kila mwekezaji aweke bei za mahali pake. Chukua banda la mita 8 kwa 15, lenye mashina 300, lililogharimu shilingi 6,000,000 pamoja na tangi na mipira ya matone. Nailoni iliyotengenezwa kuhimili jua hudumu takriban miaka 3 hadi 4. Kwa misimu 2 kwa mwaka katika miaka 3, kila msimu unabeba shilingi 1,000,000 za banda. Mbegu, mbolea, dawa, maji na kibarua tuweke shilingi 450,000. Gharama ya msimu ni shilingi 1,450,000.

Msimu wa kwanza, mashina 60 yanakufa na 240 yaliyobaki yanazaa kilo 3 kila moja. Hizo ni kilo 720. Zikiuzwa kiangazi kwa shilingi 500 kwa kilo, mapato ni shilingi 360,000. Fedha hizo hazirudishi hata gharama za msimu, achilia mbali za banda. Hasara ni shilingi 1,090,000.

Mkulima huyo akijifunza, misimu inayofuata mashina 280 yanaweza kuzaa kilo 6 kila moja, yaani kilo 1,680. Zikiuzwa kwa shilingi 1,200, mapato ni shilingi 2,016,000 na faida ni shilingi 566,000. Lakini mavuno hayohayo yakiangukia bei ya shilingi 500, mapato ni shilingi 840,000 na hasara ni shilingi 610,000. Ukigawa gharama kwa kilo, bei isiyoleta faida wala hasara ni kama shilingi 863.

Mambo mawili yanaonekana hapa. Kwanza, uhodari wa kulima peke yake hauokoi mtaji iwapo mavuno yatatoka wakati mbaya. Pili, hasara ya msimu wa kwanza inahitaji misimu 2 mizuri kufidiwa. Mtu aliyekopa fedha za banda kwa marejesho ya kila mwezi, akitegemea msimu wa kwanza ulipe, anaweka rehani mali yake kwa zao ambalo bado hajalijua.

Miche na joto

Miche ndiyo humpa anayeanza pigo la kwanza. Mbegu chotara huuzwa kwa bei kubwa, na mara nyingi husiwa kwa msongamano kwenye udongo usiosafishwa na kumwagiliwa kupita kiasi. Baada ya siku chache miche huanguka ikiwa imeoza shingoni. Ugonjwa huo ni kinyausi. Trei safi, udongo uliochomwa au kuchemshwa kwa mvuke, nafasi ya kutosha na maji ya kiasi asubuhi hupunguza sana hasara hiyo. Wapo pia wanaokamua mbegu kutoka kwenye nyanya za chotara ili kubana matumizi. Mbegu hizo huota, lakini hazizai sawa na mama yake, na banda huwa na mashina ya kila namna.

Pigo la pili ni joto. Miti huchanua vizuri, maua hukauka na kudondoka, na mkulima hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, chavua ya nyanya hudhoofika na ua halishiki tunda. Banda lililofungwa pande zote kwa nailoni hufikia joto hilo kwa urahisi hata Arusha penye baridi. Dawa yake ni nafasi ya hewa: pande zilizozibwa kwa wavu wa wadudu, paa refu na tundu la juu la kutolea hewa moto. Kwa Dar es Salaam, Tanga na mwambao wote, banda la neti hufaa zaidi kuliko la nailoni.

Aidha, nyanya hujichavusha kwa kutikiswa na upepo. Ndani ya banda lenye hewa tulivu, kamba za miti hutikiswa kidogo kila siku asubuhi umande ukishakauka. Kazi hiyo haina gharama.

Maji ya leo na ya kesho

Shina kubwa la nyanya hunywa kama lita 1 hadi 2 kwa siku wakati wa jua kali. Mashina 300 yanahitaji lita 300 hadi 600 kila siku. Tangi la lita 1,000 likitegemea bomba linalotoa maji mara mbili kwa wiki halitoshi. Maji yakikatika siku 3 kisha yakarudi kwa wingi, matunda hupasuka au huoza kitako kwa kuwa mmea umeshindwa kupandisha chokaa kwenye tunda. Wengi hudhani ni ukungu na hupoteza fedha kwa dawa isiyohusika. Mwekezaji anapaswa kupima maji anayoyapata kwa wiki nzima kabla ya kuamua ukubwa wa banda.

Ugonjwa unaofunga biashara

Hasara zote zilizotajwa hurekebishika. Mnyauko bakteria ni jambo jingine. Shina lenye matunda mabichi hunyauka ghafla mchana likiwa bado la kijani, kesho yake linafuata la jirani, na baada ya wiki mstari mzima umelala. Hakuna dawa ya kuponya shina lililoathirika. Vijidudu vyake hukaa ardhini kwa miaka na husambazwa na maji, udongo wa viatuni, majembe na miche ya kununua.

Kipimo chake ni rahisi. Shina lililonyauka hukatwa karibu na ardhi na ncha yake kuning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kutiririka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Shina hilo hung'olewa na mizizi yake na kuchomwa mbali na banda.

Kwa mwekezaji, kipimo hiki kinapaswa kutangulia ujenzi. Eneo lililowahi kupandwa nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili au viazi mviringo lina hatari kubwa, kwa kuwa mazao hayo yote ni ya ukoo mmoja na huugua ugonjwa huohuo. Njia ya bei nafuu ya kujua ni kupanda nyanya chache mahali hapo na kuzisubiri zizae. Zikifa kwa mnyauko, mkulima amepoteza miche michache badala ya shilingi milioni kadhaa. Penye ugonjwa, baadhi hupanda kwenye mifuko ya udongo safi iliyotengwa na ardhi, na wengine hutumia miche iliyounganishwa juu ya kikonyo cha bilinganya inayostahimili ugonjwa huo, mbinu ambayo Kituo cha Mboga Duniani, chenye ofisi Arusha, kimeifundisha kwa miaka mingi.

Adui mwingine ni kantangaze, nondo mdogo ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda. Asili yake ni Amerika Kusini. Alifika Hispania mwaka 2006, na kufikia mwaka 2014 alikuwa ameingia Kenya na Tanzania. Huzoea dawa haraka. Wavu wenye matundu madogo, mlango wa sehemu mbili na mitego ya harufu humzuia kuliko dawa moja inayopigwa kila wiki.

Chuo cha bei nafuu

Wanaofanikiwa mara nyingi huanza na matuta. Mchicha wa kung'oa huwa tayari wiki 3 hadi 4 baada ya kusia. Mwenye matuta 5 akisia tuta moja kila wiki huwa na mavuno kila wiki baada ya mwezi wa kwanza, na wateja wake ni genge la mtaani na mama lishe. Kosa katika mchicha hugharimu pakiti ya mbegu na wiki 4. Kosa hilohilo katika nyanya hugharimu msimu.

Matuta hayo hufundisha kiasi cha maji, ubora wa samadi, wadudu wa eneo hilo na, zaidi ya yote, utunzaji wa daftari. Tarehe ya kusia, gharama, mavuno, bei na aliyenunua vikiandikwa kwa miezi 6, mtu huanza kujua gharama yake halisi kwa kilo. Baada ya hapo mashina 20 au 30 ya nyanya ya nje, kama vile Tanya au Tengeru 97, hutosha kujifunzia magonjwa. Kitalu nyumba huja hatua ya tatu, kwa fedha ambazo sehemu yake imetoka kwenye matuta.

Kuuza

Kilo 1,680 haziuziki zote kwa majirani. Anayezipeleka soko la jumla hukutana na dalali, ushuru na ujazo wa lumbesa, ambao Wakala wa Vipimo umekuwa ukiupiga vita lakini haujaisha. Tenga lililojazwa hadi kichuguu humpa mnunuzi kilo ambazo mkulima hakulipwa. Mwenye banda dogo ana nafuu moja: huchuma kidogo kidogo mara 2 kwa wiki kwa muda mrefu. Kiasi hicho kinafaa migahawa, shule na maduka ya mboga yanayotaka mzigo uleule kila wiki, yanayonunua kwa mizani. Mazungumzo na wanunuzi hao yafanyike miche ikiwa bado kwenye trei.

Kabla ya kutoa fedha

Mwekezaji mdogo anashauriwa ajibu maswali manne. Je, udongo umejaribiwa kwa mnyauko? Je, maji ya wiki nzima yamepimwa? Je, tarehe ya kusia imehesabiwa kutoka tarehe ya kuuza? Je, bei ya kilo isiyoleta hasara inajulikana, na yupo mnunuzi anayelipa zaidi ya hiyo? Iwapo jibu la swali mojawapo ni hapana, fedha za banda zikae benki kwa msimu mmoja zaidi, na matuta ya mchicha yaendelee kumwagiliwa.