Jeraha Husimulia Ajali

Katika wodi ya mifupa ya hospitali kubwa nchini Tanzania, mara nyingi daktari hahitaji kumuuliza majeruhi alikuwa akisafiri kwa chombo gani. Mwili umekwisha kujibu. Dereva wa bodaboda huletwa akiwa amevunjika muundi au paja, kwa kuwa mguu wake hauna kinga yoyote mbele ya bampa la gari. Mtu mzima anayegongwa akivuka barabara huumizwa mguu na bampa, kisha nyonga na boneti, na mwisho kichwa na kioo cha mbele. Mtoto, kwa ufupi wa kimo chake, bampa hilo hilo humpata pajani au kifuani.

Jambo linalojirudia kwa namna moja lina sababu, na lenye sababu huweza kuzuilika. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kijana anayeponea chupuchupu naye hulipa: mguu wenye vyuma huweza kumweka kitandani kwa miezi, ilhali hesabu ya pikipiki ya mkataba na ada ya shule ya watoto havisubiri mfupa uunge.

Hata hivyo, wodi haisimulii yote. Aliyepasuka kichwa na kufia njiani hayumo katika vitanda vyake. Anayehesabu waliolazwa peke yao ataona miguu mingi, adhani kichwa si hoja kubwa. Kumbe kofia ngumu, iliyofungwa barabara kidevuni, ndiyo tofauti kati ya wengi waliofika hospitalini na wengi wasiofika. Abiria wa nyuma anaihitaji sawasawa na dereva.

Kwa hiyo neno “ajali” pekee halitoshi katika faili la mgonjwa. Iandikwe kama alikuwa mpita njia, dereva au abiria. Kama alivaa kofia. Na mahali alipoumia. Maelezo hayo, yakikusanywa kwa mwaka mmoja na kulinganishwa na kumbukumbu za polisi, yataonyesha ni wapi panapohitaji tuta, kivuko au taa.

Nawe msomaji, ukimkuta majeruhi, usimbebe kwa kumshika mikono na miguu. Kandamiza panapotoka damu kwa kitambaa safi. Kichwa, shingo na kiwiliwili vibaki katika mstari mmoja. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao kabla ya safari. Matibabu yake huanzia hapo alipoanguka.