Nyundo ya Mkulima wa Hoxne

Wewe mkulima, ukipotewa na nyundo shambani hufanyaje? Mwezi Novemba 1992, huko Hoxne, Uingereza, mkulima mmoja alimwomba rafiki yake aitafute kwa chombo kile kiliacho kikipitishwa juu ya chuma kilichofukiwa. Kikalia. Akachimba, akaona vijiko vya fedha, dhahabu na sarafu za Kirumi. Papo hapo akaacha kuchimba, polisi wakapewa habari. Siku ya pili wataalamu wakafukua taratibu sarafu zaidi ya 14,000, na hata nyundo ikapatikana! Yule rafiki alilipwa pauni 1,750,000, akagawana na yule mkulima.

Nawe jembe lako likigonga kitu cha kale, simama. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yataka Makumbusho ya Taifa yapewe habari.

Wenye chombo hicho wana desturi njema. Kwanza hupiga hodi kwa mwenye shamba. Majani huyakata pande tatu, wakayafunua kama kifuniko. Udongo huuweka juu ya gunia, kisha huurudisha wote na kuushindilia. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa ng'ombe, na bei ya ng'ombe wa maziwa waijua.