Hei Nzuri Hukatwa Mvua Ingalipo

Mwezi wa Juni, kukata nyasi Kongwa ni kazi rahisi. Mvua imekwisha, ardhi imeshika, trekta halizami, na kinachokatwa leo kesho kutwa kinafungwa. Ndiyo maana wengi husubiri hadi hapo. Kwa maoni yangu, kusubiri huko kunawagharimu wafugaji kuliko ubovu wa mashine au bei ya dizeli, kwa sababu kinachofungwa Juni mara nyingi ni mabua tu.

Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na hata huo haushikiki. Ni mojawapo ya mambo yaliyowashinda Waingereza waliokuja kulima karanga Kongwa mwaka 1947 na kuufunga mradi mwaka 1951. Baadaye ardhi ile ikawa ya ranchi na ya utafiti wa malisho. Nyasi inayopandwa sana huko, Cenchrus ciliaris, hutoa masuke mvua ikiwa bado inanyesha. Masuke yanapoanza kuchomoza, protini ghafi huwa kwenye asilimia 10 hivi ya uzito mkavu. Kisha mmea huhamishia nguvu zake kwenye mbegu, bua hukakamaa, na majani ya chini hukauka na kudondoka. Kufikia katikati ya kiangazi protini inaweza kuwa imeshuka chini ya asilimia 5.

Mpaka wa kuukumbuka ni asilimia 7. Chini ya hapo, vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe, ambavyo ndivyo vinavyovunjavunja nyuzi za nyasi, hukosa naitrojeni ya kuzaliana. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anakuwa kama aliyeshiba, naye anakonda mbele ya hori lililojaa. Mfugaji anadhani ni minyoo.

Kwa hiyo hei nzuri hutengenezwa kwa kuviziana na mvua. Nyasi mbichi ina maji asilimia 75 hivi, na ya kufungwa inatakiwa iwe karibu na 15. Piga hesabu: robota la kilo 15 lilikuwa kilo 51 za nyasi mbichi, na lita 36 za maji zimelazimika kupaa. Maji hayo hutoka haraka zaidi saa za kwanza, vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia vikiwa bado wazi. Jani likishanyauka vitundu hufunga, na yale ya ndani ya bua hutoka kwa taabu. Ndiyo sababu ya kukata asubuhi umande ukishakauka tu, na kuzitawanya nyasi saa ile ile badala ya kuziacha zimelala kwa mistari minene. Kugeuza kufanyike mapema, kabla majani hayajawa makavu ya kupukutika, maana jani ndilo lenye protini.

Mvua ikinyesha saa chache baada ya kukata, hasara si kubwa. Ikinyesha siku ya tatu, nyasi zikiwa karibu kufungwa, huosha sukari na kuacha nyuzi. Ranchi yenye hekta 200 haina haja ya kuzilaza zote kwa mkupuo. Ikate kipande ambacho vibarua na mashine wanaweza kukimaliza ndani ya siku 3, na turubai liwe karibu.

Kujua kama zimekauka hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua nyasi kutoka chini ya tandiko, si za juu zilizochomwa na jua. Zikatekate, tia konzi moja kwenye chupa kavu ya mdomo mpana, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funika na utikise kwa dakika kadhaa. Chumvi ikibaki inamwagika huku na huku, funga marobota. Ikishikana mabonge au kunata kwenye kuta za chupa, subiri mchana mwingine.

Subira hiyo isidharauliwe. Hei iliyofungwa na unyevu wa asilimia 25 huota ukungu, na ukungu huzalisha joto. Rundo kubwa likipata joto ndani kwa ndani linaweza kuwaka lenyewe siku au wiki kadhaa baada ya kupangwa. Chomeka nondo katikati ya rundo, iache robo saa, kisha itoe. Ukishindwa kuishika, waondoe watu na uwaite zimamoto. Kulifumua rundo huingiza hewa inayoweza kuliwasha.

Tuje sokoni. Robota huuzwa kwa kuhesabiwa, na hapo muuzaji na mnunuzi wote hupunjika. Tuseme bei ni shilingi 5,000. Robota la kilo 10 ni shilingi 500 kwa kilo. La kilo 15 ni kama 333. Bei moja, mali mbili. Tena Fuso hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, kwa hiyo mwenye ng'ombe wa maziwa Dar es Salaam anayepakia marobota yaliyolegea analipia nauli ya hewa. Uzito nao una hila yake, kwani maji pia yana kilo. Chagua marobota 10 bila kupendelea, yapime, kisha ukate kamba ya moja ulitazame ndani: rangi ya kijani, majani mengi, harufu nzuri, bila vumbi la ukungu.

Muuzaji naye aandike tarehe ya kukata kwenye kila rundo, na hei ya Machi asiichanganye na ya Juni. Ya Machi ni ya ng'ombe wanaokamuliwa na ndama walioachishwa, na inastahili bei yake. Ya Juni inauzika pia, mradi mnunuzi aambiwe wazi kwamba ataihitajia mashudu ya alizeti pembeni.