Karai Linaposema: Vitafunwa vya Kukaanga Visivyojaa Wanga

Mkaangaji mzoefu wa chipsi hana haja ya saa. Anasikiliza. Viazi vinapotumbukia kwenye mafuta, karai hupiga kelele kama mvua ya ghafla juu ya bati. Baadaye kelele zinashuka, mapovu yanakuwa madogo madogo, na mkono unafuata kijiko cha matundu kabla ya macho kuhakikisha rangi. Kelele zile ni maji. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80, na maji huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali mafuta ya karai yako kwenye nyuzi 170 au 180. Kila povu linalopasuka ni mvuke unaokimbia. Karai likinyamaza, maji ya juu juu yamekwisha na ganda limekauka.

Hapo ndipo penye siri yote ya kitafunwa kinacholia mdomoni. Wengi huamini kwamba kinachokipa chakula ule ukavu ni unga: ngano kwenye manda ya sambusa, chenga za mkate kwenye katlesi, kiazi chenyewe kwenye chipsi. Kweli, wanga ni fundi hodari wa kazi hiyo. Hunywa maji, huvimba, kisha hukauka na kuacha ganda jembamba lenye vitundu. Lakini si fundi peke yake. Protini ya yai, ngozi ya kuku, jibini, nyama ya nazi, hata jani la sukuma wiki, vyote hukauka na kuvunjika vikiondolewa maji ipasavyo. Mtu anayetaka kupunguza wanga bila kuaga karai ana pa kuanzia.

Na wanaotaka kupunguza ni wengi kuliko zamani. Tanzania, Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kwenda kuiongoza Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2025, aliifanya mada ya sukari na wanga kuwa mazungumzo ya vijiweni. Fikra yenyewe ni kongwe. Mwaka 1863, William Banting, msimamizi wa mazishi wa London, alichapa kijitabu akieleza alivyopungua mwili kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wagonjwa wa kifafa. Hao wote walikuwa na shida zao. Msomaji wa leo huenda ana mama mwenye kisukari, au suruali iliyogoma kufunga.

Kabla ya kuwasha jiko, hesabu kidogo. Gramu 100 za kiazi kibichi zina wanga wa gramu 17 hivi. Katika gramu 100 za chipsi zilizokwisha kukaangwa hukaribia 40, na katika gramu 100 za krispi za pakiti hupita 50. Hakuna aliyeongeza wanga njiani. Maji yameondoka, wanga umebaki umejisonga, na mafuta yamejaza nafasi. Muhogo una mzigo mkubwa zaidi: gramu 38 ungali mbichi. Kwa hiyo yule anayeacha chipsi na kukimbilia kachri za muhogo za Mombasa, zile za pilipili na ndimu, kwa hoja kwamba muhogo ni chakula cha asili, amejiongezea alichokuwa akikikimbia. Kuloweka viazi kwenye maji nako kunaondoa wanga uliomwagika kwenye mikato tu. Chipsi zitatoka nzuri zaidi, hazitagandana, ila wanga uliomo ndani haujaguswa.

Korosho nazo zina lao. Ni tamu, ni fahari ya Mtwara, na watu huzichukulia kuwa sawa na karanga. Sivyo: gramu 100 za korosho zina wanga wa gramu 30 hivi na nyuzinyuzi chache, wakati karanga zina kama 16, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Kwa anayehesabu, karanga za kukaanga za mtaani, zisizopakwa sukari, zinashinda.

Madukani sasa kuna unga wa lozi kutoka nje, unaosifiwa kwa mapishi ya aina hii. Sifa zake ni za kweli, bei yake ni ya kutisha. Bahati nzuri pwani ina kitu kinachofanya kazi inayokaribiana, na mara nyingi humwagiwa kuku: machicha ya nazi. Nazi ikikunwa, ikatiwa maji na kukamuliwa tui, kinachobaki kwenye chujio ni nyuzinyuzi nyingi, mafuta kiasi na wanga kidogo sana. Unga wa nazi unaouzwa kwenye pakiti nzuri hutengenezwa kwa njia inayofanana na hiyo: nyama ya nazi hukamuliwa, hukaushwa, husagwa.

Kuyakausha machicha nyumbani si kazi kubwa. Yakamuliwe kwa nguvu ndani ya kitambaa mpaka yasidondoshe tena, yatandazwe kwenye sinia juani huku yamefunikwa chandarua cha nzi, au yazungushwe kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo. Yakiwa tayari hayashikamani mkononi. Yakifikichwa huachana kama mchanga. Hapo yanasagwa kwenye blenda, yanachekechwa, yanawekwa kwenye chupa kavu. Kwa kuwa bado yana mafuta huchacha upesi, hasa Dar es Salaam au Tanga kunapokuwa na joto, kwa hiyo mahali pake ni kwenye friji.

Kazi yake ya kwanza ni kwenye kababu. Kababu za pwani kwa desturi hushikizwa kwa slesi za mkate zilizolowekwa. Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga, mkate huo huondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na yai moja na vijiko vitatu vya mezani vya machicha makavu. Kitunguu maji kikatwe kidogo kidogo na kukamuliwa, maana maji yake ndiyo huvunja kababu karaini. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari, giligilani na pilipili mbuzi viingie kama kawaida. Mchanganyiko upumzike robo saa. Hatua hii haina njia ya mkato, kwa sababu machicha hunywa maji taratibu, na kababu iliyofinyangwa mapema mno itaonekana imeshika, kisha ifumuke kwenye mafuta. Mwishoni kila kababu huchovywa kwenye yai lililopigwa na kutiwa chumvi, ikaenda moja kwa moja karaini. Wapishi wa pwani wamekuwa wakizivika katlesi yai tupu tangu zamani: hufanya utando mwembamba wa kimanjano wenye vinyuzi, na hauna wanga wa kutajika.

Kazi ya pili ni kuvika samaki na kuku. Minofu ya changu ikaushwe kwa kitambaa, ichovywe kwenye yai, kisha igaragazwe kwenye machicha yenye chumvi na pilipili manga. Angalizo moja: nazi hugeuka rangi upesi kuliko chenga za mkate. Moto ukiachwa juu, nje patakuwa peusi na ndani pabichi. Mafuta yawe ya wastani, kama nyuzi 160, na minofu iwe myembamba.

Wasio na kipimajoto, yaani karibu sote, watumie kipande cha kitunguu. Kikizama na kukaa kimya, mafuta bado. Kikiibuka kimezungukwa na mapovu, ni wakati wake. Kikiwa cheusi papo hapo, karai liepuliwe kidogo. Na vipande visijazwe: kila kipande cha baridi kinachoingia hushusha joto, mvuke unakosa nguvu ya kutoka kwa kasi, na chakula hubaki kikilowana mafuta.

Mboga ndizo huwashinda wengi, kwa kuwa zina maji mengi kuliko hata kiazi. Bilinganya ni mfano mzuri. Wanga wake ni kama gramu 6 tu kwa kila gramu 100, lakini ikiingia karaini jinsi ilivyo hufyonza mafuta mpaka ikawa nzito na legevu. Dawa yake ni chumvi. Ikatwe vipande vyembamba, inyunyiziwe chumvi, ikae nusu saa mpaka itoe jasho, ikamuliwe na kukaushwa. Kisha hapo, kinyume na wale wa msimamo mkali, unga kidogo wa dengu unaruhusiwa. Unga huo si mtakatifu: zaidi ya nusu ya uzito wake ni wanga. Lakini una protini maradufu ya unga wa ngano na nyuzinyuzi nyingi zaidi, na kinachohitajika ni vijiko viwili vya mezani kwa sahani nzima, vikipakwa kama vumbi wala si kama uji. Hiyo ni gramu 10 hivi za wanga kwa wote watakaokaa mezani, wakati sahani moja ya chipsi ya gramu 200 inaweza kupita 70. Bhajia za Nairobi, zile za viazi vilivyovikwa dengu, zinaweza kutengenezwa kwa bilinganya au koliflawa kwa namna hiyo hiyo.

Bamia nayo, ambayo watoto huikimbia kwa utelezi wake, hubadilika kabisa. Wapishi wa Kihindi wana chakula kiitwacho kurkuri bhindi: bamia hukatwa kwa urefu ziwe nyembamba kama kijiti, huchanganywa na viungo na unga kidogo wa dengu, hukaangwa mara moja. Utelezi unahitaji maji. Yakiondoka, nao unatoweka. Bamia zioshwe zikiwa nzima na zikaushwe kabisa kabla ya kisu kuzigusa.

Bajia za kunde ziko katikati ya njia. Kunde zilizolowekwa, kumenywa na kusagwa huwa nusu yake maji, hivyo gramu 100 za rojo lake zina wanga wa gramu 30 hivi. Si kidogo, ila unakuja na protini ya kutosha kushibisha, na bajia tatu si sawa na tatu za unga mweupe. Kinachoziharibu ni tabia ya kuongeza unga wa ngano ili rojo lishike. Lisagwe kwa maji machache na kupigwa kwa mkono mpaka lijae hewa, litashika lenyewe.

Kuna vingine ambavyo havihitaji ufundi wowote, maana vilishakuwa na wanga wa karibu sifuri kabla mtu hajafikiria. Dagaa wa Kigoma, waliooshwa kwa maji ya uvuguvugu, wakakaushwa na kukaangwa kwa pilipili na ndimu, hulia mdomoni kuliko krispi ya aina yoyote. Ngozi ya kuku ikitandazwa kwenye kikaango kikiwa bado baridi na kupashwa pole pole, hutoa mafuta yake yenyewe na kukauka kama karatasi. Jimbo la Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, lina frico, jibini linaloyeyushwa kwenye kikaango mpaka likawa kaki. Jibini gumu lolote lililokunwa litakubali, kwa mwenye nalo.

Nyama, samaki na mayai vina faida nyingine isiyosemwa sana. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali huzalisha akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Hutokana na sukari na asidi amino iitwayo asparajini, ambavyo viazi na nafaka vinavyo kwa wingi. Vyakula vya protini huzalisha kidogo sana.

Hata hivyo, wanga kidogo si ruhusa ya kula beseni zima. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4, na kababu iliyokaangwa vibaya hubeba mafuta mengi. Kikaango cha hewa moto, ambacho sasa hakikosekani kwenye maduka ya Kariakoo, hupunguza mafuta hayo, na kinawafaa sana kuku na bamia. Rojo la bajia kitalimwaga kupitia matundu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide ana jambo zito zaidi la kuangalia: akipunguza wanga ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka hadi hatari. Azungumze na daktari wake kwanza.

Baada ya karai, adui ni mvuke. Kitafunwa kilichopangwa juu ya gazeti hulowana chini. Kikifungiwa kwenye hotpoti, hulowana chote. Kiwekwe juu ya wavu wa waya ambapo hewa inapita pande zote, kitiwe chumvi kikiwa moto, na kisifunikwe mpaka kipoe.

Inabaki sambusa. Wapo wanaofunga nyama kwa jani la kabichi, wapo wanaotumia chapati nyembamba ya yai, na zote mbili zinalika, hasa ya yai. Ila hakuna inayovunjika kama manda, kwa sababu tabaka lile jembamba na imara linategemea ngano yenyewe. Mwenye busara jikoni huacha kuhangaika nayo: anakunja manda moja moja bila kurudufu, anajaza nyama mpaka pembe zote tatu, anakaanga chache, na sahani iliyobaki anaijaza kababu.