MIADI YA MATIBABU YA MENO: SABABU NA FAIDA ZAKE

Yafaa wananchi wafahamu kwamba miadi katika kliniki ya meno hupangwa kwa kadiri ya kazi inayohitajika, si kwa aliyetangulia kufika pekee. Kumkagua mgonjwa huchukua dakika chache. Kuziba jino huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Na tiba ya mzizi wa jino aghalabu humrudisha mgonjwa zaidi ya mara moja.

Aidha, ganzi huhitaji dakika kadhaa ili ishike, na vyombo vilivyotumika sharti vioshwe, kisha vitakaswe kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa muda usiopungua dakika 15. Muda huo haupunguzwi kwa sababu ya wingi wa watu, kwani vyombo visivyotakaswa huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Ratiba iliyo njema huacha pia nafasi kwa wenye dharura. Mwenye uvimbe unaomzuia kumeza au kupumua, anayetokwa na damu isiyokoma, na aliyeng'oka jino kwa ajali hutangulizwa. Jino hilo, likiwa la kudumu, lishikwe upande wa kutafunia, si mzizini, litiwe katika maziwa na kufikishwa kabla ya dakika 60 kupita.

Asiyeweza kuhudhuria anaombwa kutoa taarifa mapema. Kiti kinachobaki kitupu ni zamu aliyoikosa mwenzake aliyekesha kwa maumivu.